Kusomea ualimu wa sekondari chuo kikuu: hatua kwa hatua kuanzia matokeo ya kidato cha sita

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni waliokuwa wanafunzi wangu, wadogo zao na wazazi wao, na maswali ni yale yale. "Mwalimu, nimepata D mbili na E, ualimu wa shahada unanichukua?" "Chuo gani kizuri?" "Nikimaliza, ajira ipo?" Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Sasa nayaandika yote mahali pamoja ili mtu asome kwa utulivu, arudie, ampe na mwenzake.

Mwongozo huu ni wa Tanzania, na ni wa mtu anayetaka kufundisha sekondari kwa shahada. Mimi nafundisha jiografia, na karibu kila mwaka shule yetu inapokea wanachuo wa TP, yaani mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo nitakaa zaidi pale ambapo nimewaona vijana wakiumia: uchaguzi wa masomo na TP yenyewe.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, pamoja na mwaka wa kila mmoja. Ziandike kwenye daftari, usitegemee kichwa.
- Cheti cha kuzaliwa, kikiwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Bodi ya Mikopo inakihitaji, na uhakiki unachukua siku, kwa hiyo usingoje matokeo ndipo uanze.
- Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo, nacho kihakikiwe.
- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kama bado hujasajiliwa, nenda sasa.
- Namba ya simu ambayo ni yako na utakuwa nayo mpaka utakapomaliza chuo. Ujumbe wa kuthibitisha udahili unakuja kwenye simu.
- Barua pepe uliyoifungua mwenyewe na unayoikumbuka nywila yake. Ukifunguliwa na mtu wa stationery, hakikisha nywila unaondoka nayo wewe.
- Picha za pasipoti, na fedha kidogo za ada za maombi ya vyuo na mkopo.
- Kama unatokea stashahada, namba ya uthibitisho wa tuzo kutoka NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi), ile inayoitwa AVN.

Linganisha majina kwenye karatasi zote hizo kabla hujafanya lolote. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi: herufi moja tu, lakini itakufuata mpaka kwenye ajira. Rekebisha mapema.

Hatua ya 1: Hesabu pointi zako kwa haki

Sifa ya chini ya kuingia shahada kwa aliyetoka kidato cha sita, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ni ufaulu wa masomo mawili yanayotakiwa na kozi husika, yakifikisha jumla ya pointi 4. Hesabu yake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S haimo, F haimo. General Studies haimo pia, hata kama uliipata vizuri.

Tuchukue mwanafunzi wa HGL mwenye D ya historia, D ya jiografia na E ya Kiingereza. Historia na jiografia zinampa 4, kwa hiyo mlango uko wazi kwa masomo hayo mawili. Lakini akitaka kufundisha historia na Kiingereza, pale ana 3 tu, na hapo hapiti. Watu wengi wanajumlisha masomo yote matatu, wanaona 5, wanashangilia, wanaomba kozi isiyowahusu, dirisha linafungwa. Angalia masomo mawili ambayo kozi imeyataja.

Anayetokea stashahada hutazamwa kwa GPA (wastani wa alama zake), na kiwango cha kawaida ni 3.0, pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne. Kwa stashahada ya ualimu, wastani wa B ndio unaotajwa.

Haya yote yameandikwa kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, na hutolewa miwili: mmoja kwa waliomaliza kidato cha sita, mwingine kwa wenye stashahada. Pakua wa mwaka huu, si wa kaka yako. Ndani yake kila chuo kimeorodheshwa na kila kozi na sifa zake. Saa mbili za kuusoma zitakuokolea mwaka mzima.

Hatua ya 2: Chagua masomo mawili ya kufundishia kabla hujachagua chuo

Hapa ndipo ningependa unisikilize kuliko mahali pengine popote. Vijana wanaanza na jina la chuo. Wanataka Dar es Salaam, wanataka Dodoma, wanataka palipo na rafiki yao. Masomo wanayachukua yatakayobaki. Mimi nakuambia geuza: anza na masomo, kisha tafuta chuo kinachoyatoa. Miaka kumi baada ya kuhitimu, mkuu wa shule yako mpya hatakuuliza ulikaa bweni gani. Atakuuliza, "Unafundisha nini?" Na utakachojibu ndicho utakachokifundisha Jumatatu mpaka Ijumaa.

Masomo haya yanafuata tahasusi yako, yaani masomo matatu uliyochukua kidato cha tano na sita. PCB inakupeleka kwenye kemia na baiolojia, au fizikia na mojawapo ya hayo. PCM inakupeleka kwenye fizikia na hisabati. EGM inakupa jiografia na hisabati, au uchumi. HKL inakupa historia, Kiswahili, Kiingereza, mawili kati ya hayo. CBG, HGE, HGK nazo kadhalika.

Jiulize mambo matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza: ni somo gani ambalo wenzako walikuwa wanakuja kwako usiku wa prepo (kujisomea) ukawaelekeza wakaelewa? Sisemi lile ulilopata alama kubwa. Kuna mtu ana B ya kemia aliyoipata kwa kukariri, na ana C ya baiolojia anayoweza kuieleza kwa mfano wa mhogo na maji ya chumvi. Huyu ni mwalimu wa baiolojia.

La pili: soko. Walimu wa fizikia na hisabati wamepungua shuleni kwa miaka mingi, na matangazo ya ajira yanalionyesha hilo kila yanapotoka. Historia na jiografia wahitimu ni wengi mno. Simkatazi mtu kusoma historia, nimekaa ofisi moja na walimu wa historia ambao darasa zima huwafuata mpaka nje. Lakini ingia ukijua foleni ni ndefu. Kama tahasusi yako inakuruhusu kuchanganya somo lenye walimu wengi na lenye wachache, kwa mfano jiografia na hisabati kwa mtu wa EGM, fikiria kwa makini kabla hujaliacha lile la pili.

La tatu: je, mtaala mpya unalitaka? Mabadiliko ya mtaala yalianza kutekelezwa Januari 2024, na masomo kama Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili yamepata nafasi kubwa. Mtu wa masomo ya biashara ambaye zamani aliambiwa ualimu haumfai, sasa asikubali kuambiwa hivyo.

Tahadhari: usichukue somo kwa sababu linasemekana lina mkopo huku hulipendi na huliwezi. Wanafunzi wanajua. Wiki ya pili tu wanakuwa wamejua.

Hatua ya 3: Elewa tofauti za shahada zenyewe

Majina yanachanganya. Ziko za aina tatu unazopaswa kuzitofautisha.

Shahada ya Sanaa na Elimu, au Sayansi na Elimu: unasoma masomo mawili kwa kina pamoja na kozi za ualimu. Ndiyo njia ya kawaida ya mwalimu wa sekondari.

Shahada ya Elimu katika sanaa au sayansi: uzito mkubwa uko kwenye elimu yenyewe, lakini bado una masomo ya kufundishia. Vyuo vingine humwandaa mhitimu wake pia kufundisha vyuo vya ualimu.

Shahada za elimu zenye mkondo maalumu: saikolojia ya elimu, elimu ya awali, elimu ya watu wazima, elimu maalumu, sera na mipango. Hizi zina kazi zake nzuri. Lakini soma programu mpaka mwisho uone kama ina somo la kufundishia sekondari. Binti mmoja alinipigia akiwa mwaka wa tatu, amegundua kozi yake haimpi somo lolote la kuingia nalo darasani. Alidhani neno "elimu" kwenye jina linatosha. Matangazo ya ajira huandika wazi: mwalimu wa daraja la IIIC (daraja la kuanzia la mwenye shahada), somo fulani. Somo lako lisipoonekana kwenye nakala ya matokeo yako, huna pa kujaza.

Zote kwa kawaida ni miaka mitatu.

Hatua ya 4: Omba chuo

Tangu 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja kwa chuo, si kupitia mfumo mmoja wa pamoja kama zamani. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa chuo, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu, unajaza machaguo.

Vyuo vinavyotoa ualimu ni vingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina vyuo vyake vishiriki viwili vya elimu, DUCE pale Chang'ombe na Mkwawa kule Iringa, vyote vilianza 2005. Dodoma inachukua wengi. SUA Morogoro ina ualimu wa sayansi na wa kilimo. Kuna SUZA Zanzibar, SAUT Mwanza, Mwenge Moshi, Chuo Kikuu cha Iringa, na vingine. Anayefanya kazi na hawezi kuacha, Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani.

Omba zaidi ya chuo kimoja, na angalau kimoja kiwe ambacho pointi zako zinakaa vizuri ndani yake. Pointi 4 ni sifa ya kuomba tu; kozi yenye waombaji wengi itachukua wenye nyingi zaidi.

Ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, lazima uthibitishe kimoja. Unaletewa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, unathibitisha ndani ya muda uliotolewa. Asiyethibitisha anaweza kupoteza nafasi zote.

Ukiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) wakati huo, panga kabla hujaondoka. Mwachie mzazi au ndugu unayemwamini laini yako na nywila, na mwandikie kwenye karatasi machaguo yako kwa mpangilio, kozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ili asikuchagulie kwa kubahatisha.

Hatua ya 5: Mkopo

Omba kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) wakati huo huo unapohangaikia vyuo. Usisubiri kuchaguliwa. Utajaza taarifa zako, za wazazi na za mdhamini, utachapisha fomu, itasainiwa na serikali ya mtaa au kijiji na kugongwa muhuri wa wakili au hakimu, kisha utaipiga skani na kuipandisha tena.

Makosa yanayowanyima watu mkopo nimeyaona yakijirudia:

1. Kutumia namba moja ya kidato cha nne kwenye mkopo na nyingine kwenye chuo. Hii huwapata waliorudia mtihani. Chagua moja, uitumie kote.
2. Kurasa za fomu kukosa saini au muhuri. Kabla ya kupandisha, mpe mtu mwingine aipitie. Jicho lako limeshachoka.
3. Kuacha kuambatisha cheti cha kifo, au uthibitisho wa ulemavu wa mwombaji au mzazi, kwa kuona haya. Hayo ndiyo yanayopima uhitaji wako.

Jua pia unachosaini. Ukishaajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ni mkopo kweli kweli. Bumu la kwanza (fedha ya kujikimu ya mkopo) likiingia, nunua kwanza kitanda, vitabu na chakula cha mwezi.

Hatua ya 6: Mwaka wa kwanza

Hapa nitakuwa mfupi. GPA inaanza kuhesabiwa semista ya kwanza, si mwaka wa tatu. Vyuo vingi huweka kazi za semista 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo mwenye 12 ya semista anaingia chumba cha mtihani akiwa tayari amebeba mzigo. Daraja la pili la juu huanzia 3.5, la kwanza 4.4.

Utakutana na saikolojia ya elimu, misingi ya elimu, mtaala, upimaji na tathmini, unasihi na mbinu za kufundishia. Wengi huzidharau wakisema ni za kusoma usiku mmoja, nguvu zote wanazipeleka kwenye masomo yao mawili. Shika sana upimaji na mbinu. Siku utakapotunga mtihani wako wa kwanza wa kidato cha pili ukakuta darasa zima limepata chini ya 20, utataka kujua kama tatizo ni wao au ni maswali yako, na jibu liko kwenye kozi ya upimaji.

Na zungumza Kiingereza. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza isipokuwa masomo machache, na mwalimu asiyejiamini kwenye lugha hujificha ubaoni. Tafuta wenzako watatu, mfundishane mada moja kwa wiki, kwa sauti, mmesimama.

Hatua ya 7: TP

Kwa kawaida utakwenda mara mbili, mwisho wa mwaka wa kwanza na mwisho wa wa pili, kwa wiki kama sita hadi nane. Mhadhiri atakuja kukukagua, mara nyingi bila kukuambia saa.

Kabla ya kuondoka chuoni, beba: barua ya chuo, muhtasari wa somo (silabasi) unaotumika sasa, kitabu cha kiada kilichoidhinishwa, daftari kubwa la maandalio (mipango ya kila kipindi), daftari la nukuu (maelezo ya somo kwa wanafunzi), kalamu za rangi, gundi, mkasi, karatasi za manila, na nguo za heshima za siku tano. Hela ya TP ikichelewa usikwame: weka akiba ya nauli na chakula cha wiki mbili za mwanzo.

Ukifika shuleni, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Ripoti kwa mkuu wa shule, kisha kwa mwalimu wa taaluma. Omba ratiba na uulize mada ambayo darasa limefikia. Usianze mada kwa sababu unaipenda.
2. Omba uketi nyuma ya darasa siku mbili za kwanza, umwangalie mwalimu mwenyeji. Andika majina ya wanafunzi kumi. Siku yako ya kwanza ukimwita mtu kwa jina lake, darasa linakaa.
3. Tengeneza azimio la kazi (mpango wa mada wiki kwa wiki) la kipindi chako chote, kisha andalio la kila somo, kisha nukuu. Muundo wa andalio umebadilika pamoja na mtaala mpya, kwa hiyo chukua unaotumika shuleni hapo na uulinganishe na wa chuo chako kabla mkaguzi hajaja.
4. Andaa zana. Zana si lazima inunuliwe.
5. Baada ya kila kipindi, jaza tathmini na maoni siku hiyo hiyo, na shajara, ile kumbukumbu ya ulichofundisha, isainiwe.

Nikuonyeshe kipindi kimoja. Kijana wa TP alipewa kidato cha pili, wanafunzi 74, mada ya skeli ya ramani. Kipindi cha kwanza aliingia, akageukia ubao, akaandika nukuu kutoka juu mpaka chini. Dakika ya kumi na tano alikuwa amemaliza kila alichokuwa nacho. Akageuka: "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyo mwalimu!" Akabaki amesimama na chaki mkononi, dakika ishirini na tano zimebaki, na nyuma kule wameanza kusukana.

Jioni tulikaa. Sikumwambia mengi, nilimwuliza tu: "Skeli ni jibu la tatizo gani?" Akaondoka nalo.

Wiki ya tatu alikuja na kamba ya katani aliyoifunga fundo kila mita moja. Akawatoa nje, wakapima uwanja wa mstarini kutoka mlingoti wa bendera mpaka ukuta wa jiko: mita 60. Wakarudi ndani. "Chora uwanja huu kwenye daftari, mita moja iwe sentimita moja." Kimya, rula zinasogea. Halafu binti mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake tangu kidato cha kwanza, akasema, "Mwalimu, hautoshi!" Mwingine: "Unganisha madaftari!" Wakaanza kubishana. Kijana akaacha wabishane, kisha akauliza, "Sasa tufanye nini?" Yule binti akajibu: "Sentimita moja ibebe mita tano." Sentimita 12. Ukatosha. Neno skeli aliliandika ubaoni baada ya hapo, na hakuna aliyehitaji kulikariri. Kamba ile ilimgharimu fedha ndogo kuliko chipsi.

Makosa ya TP yanayoharibu kazi ya miaka mitatu:

Usishike kiboko. Kwa kanuni zetu adhabu hiyo ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na lazima iandikwe kwenye kitabu. Wewe humo. Ukiona wenyeji wanachapa, usiige.

Usiwe na mazoea ya kimapenzi na mwanafunzi, wala kubadilishana naye namba za simu, wala kumwita chumbani kwako "kusahihisha". Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, na kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Lakini hata sheria isingekuwepo, huyu ni mtoto uliyekabidhiwa na mzazi wake.

Usinakili maandalio ya mwenzako. Mkaguzi anasoma mamia, anayajua.

Usiondoke kipindi chako kikiisha ukaenda kulala. Saidia zamu, simamia usafi, kaa ofisini usahihishe. Barua ya sifa nzuri ya mkuu wa shule huzaliwa hapo.

Hatua ya 8: Kuhitimu na kuomba ajira

Ukimaliza, fuatilia cheti na nakala ya matokeo, visome herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani. Fungua akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira mapema, jaza taarifa zote, pandisha vyeti halisi vilivyopigwa skani vizuri. Hati za muda za matokeo hazikubaliwi.

Zamani walimu walipangwa vituo bila usaili. Mwanzoni mwa 2025 waombaji walifanyiwa usaili, wa kuandika kwanza na kisha wa ana kwa ana. Kwa hiyo usiuze madaftari yako. Rudia muhtasari wa somo lako, mbinu, upimaji na maadili ya utumishi. Jizoeze pia kufundisha mada moja kwa dakika kumi bila karatasi.

Ukipata, utaanza daraja la IIIC, ngazi ya mshahara TGTS D1. Shule inaweza kuwa mbali na lami. Chukua godoro, taa ya sola na vitabu, nenda.

Ukikwama

*Pointi hazijafika 4.* Una njia tatu: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kusoma stashahada kwanza, au kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Anayetaka kufundisha kwa vyovyote, mimi humshauri stashahada ya ualimu: ukiimaliza unaweza kuajiriwa nayo, na shahada ukaifuata baadaye.

*Hukuchaguliwa dirisha la kwanza.* Kuna dirisha la pili, na miaka mingi la tatu. Usiombe tena kozi ile ile iliyojaa. Pitia orodha ya kozi zenye nafasi.

*Namba ya siri ya kuthibitisha haijaja.* Ingia kwenye akaunti yako ya chuo, omba itumwe tena. Ikishindikana piga dawati la udahili la chuo hicho siku hiyo hiyo.

*Majina hayafanani.* Tofauti ya tahajia hutatuliwa kwa hati ya kiapo. Ukibadili jina kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Usimlipe mtu anayeahidi "kurekebisha kwenye mfumo".

*Mkopo haujatoka, au umetoka mdogo.* Bodi hufungua dirisha la rufaa. Kata rufaa kwa ushahidi mpya, kwa sababu kurudia maelezo yale yale hakubadilishi kitu. Wakati huo nenda ofisi ya mikopo ya chuo uombe kulipa ada kwa awamu.

*Umepangiwa masomo usiyoyataka.* Wiki za mwanzo vyuo huruhusu kubadili, ukiwa na sifa na nafasi ikiwepo. Kuhama chuo kuna utaratibu wa TCU na muda wake. Ukichelewa mpaka mitihani ya katikati ya semista, umeshabaki.

*Umepata sapu, yaani mtihani wa marudio baada ya kufeli somo.* Nenda kwa mhadhiri ukaone ulikosea wapi, kisha rudi kwenye maswali ya miaka iliyopita. Kinachowaondoa watu chuoni ni kuificha sapu ya kwanza mpaka zinakuwa nne.

*Una shahada isiyo ya ualimu na unataka kufundisha.* Soma stashahada ya uzamili katika elimu. Matangazo ya ajira huitambua pamoja na shahada yako, mradi shahada hiyo ina somo linalofundishwa shuleni.

*Tayari ni mwalimu serikalini na unataka shahada.* Pata ruhusa ya maandishi ya mwajiri kabla ya kuondoka. Kwenda masomoni bila ruhusa kunahesabiwa utoro kazini. Tunza nakala ya ruhusa hiyo, kwa sababu ndiyo utakayoulizwa siku ya kuomba kubadilishiwa muundo, yaani kupewa daraja linalolingana na elimu yako mpya.

*Darasa la TP linakushinda, kelele haziishi.* Usipaze sauti juu ya sauti zao. Nyamaza, simama mahali pamoja, subiri. Kisha wape kitu cha kufanya kwa mikono ndani ya dakika mbili: kuchora, kupima, kupanga kadi. Na kesho yake njoo na andalio lenye shughuli ya wanafunzi mapema, kabla ya dakika ya kumi. Ikiendelea, mwombe mwalimu mwenyeji aje akae nyuma kipindi kimoja, halafu mkae naye jioni, akuambie alichokiona.